Kilwa Kivinje: Mji wa Boma, na Mahali Majina Yetu Yalipokatika

Mada iliyotolewa na mjumbe wa Kamati ya Historia mbele ya Usharika na wageni wa Dayosisi, katika Juma la Jubilei ya Miaka Mia Moja



UTANGULIZI

Kamati ya Jubilei imenipa heshima ya kueleza habari za ziara iliyofanywa na jamaa kadhaa za usharika huu kwenda Kilwa Kivinje, na baadaye Lindi. Nimeombwa pia nieleze kwa nini kamati iliona vema ziara hiyo iandikwe katika kitabu chetu cha miaka mia moja. Baadhi yenu mmeuliza, tena mmeuliza kwa haki: Kilwa inatuhusu nini sisi? Usharika wetu haukuanzia Kilwa, wala mwalimu wetu wa kwanza hakutoka huko. Kwa nini jubilei ya Kilutheri ipande basi kwenda katika mji wa misikiti?

Jibu langu ni fupi. Ukimwuliza mzee wa usharika huu jina la babu yake, atakutajia. Ukimwuliza jina la baba wa babu, wengi wetu tunafika Kisarawe, katika kituo cha misioni. Ukiuliza zaidi ya hapo, njia inashuka pwani, inaingia katika jahazi, na jahazi lile lilipakiwa Kilwa au karibu na Kilwa. Hapo jina linakatika. Hakuna anayejua baba wa mtu yule aliitwa nani, wala kijiji chake kilikuwa kando ya mto gani.

Usharika huu ulipoanza katika miaka ya 1920, watu wa nyumba zile walikuwa tayari ni Wakristo wa kizazi cha pili. Walikuwa na majina ya ubatizo, walikuwa na viwanja, na watoto wao walikuwa wakisoma shule. Waliona ni heri kuyaacha ya nyuma yabaki nyuma. Sisi tunaoandika kitabu leo tumeirithi nyumba pamoja na ukimya wake. Ndiyo sababu tulikwenda Kivinje.

NJIA YA MISAFARA

Kwa manufaa ya vijana, nianze kwa kutofautisha miji. Wengi tukisikia Kilwa tunafikiri Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa msikiti mkuu na Husuni Kubwa, ambao msafiri Ibn Battuta aliuona mwaka 1331 na Wareno wakauvamia mwaka 1505. Magofu yake, pamoja na ya Songo Mnara, yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Kilwa Kivinje ni mji mwingine. Uko bara, kaskazini ya kisiwa kile, na ulistawi katika karne ya 19 wakati Kisiwani kilipokuwa kimekwisha kufifia. Siku hizi makao ya wilaya ni Kilwa Masoko. Lakini kwa muda mrefu aliyesema anakwenda Kilwa alikuwa na maana ya Kivinje.

Kivinje kilistawi kwa biashara ya pembe na biashara ya watu. Njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia pale. Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo, Wamwera na wengine waliletwa kwa miguu, safari ya wiki nyingi, hadi ufukweni. Vitabu vya ushuru vya Kilwa, ambavyo hesabu zake ziliwekwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1871, vinaonyesha kwamba katika miaka mitano iliyoishia 1867 walipakiwa watumwa 97,203. Kati yao 76,703 walipelekwa Unguja, na 20,500 walipelekwa kwingineko. Ndugu zangu, hao ni wale waliolipiwa ushuru tu. Waliovushwa usiku ili kukwepa ushuru hawamo, na walioanguka njiani hakuna aliyewahesabu.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia kusafirisha watumwa kwa bahari, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya bara. Biashara haikufa siku ile. Ilijificha; ikatoka katika bandari kubwa ikaingia katika vijito vya mikoko, ikaendelea hadi katika miaka ya 1890. Ni katika miaka hiyo ya mwisho ndipo wengi wa wazee wetu walipochukuliwa, na ndipo walipokombolewa. Walikuwa watoto. Mtoto wa miaka sita hukumbuka wimbo wa mama yake, lakini hawezi kumweleza karani jina la nchi yake.

MJI TULIOUKUTA

Safari kutoka Dar es Salaam ni ya kilometa zipatazo 300. Wazee wanaokumbuka kivuko cha Rufiji, na magari kulala ng'ambo yakingoja zamu, watamshukuru Mungu kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Tulivuka mto kwa dakika chache tukiimba, tukapita Somanga, na baada ya hapo tukaacha njia kuu tukashuka hadi Kivinje.

Kivinje ni mji wa pwani ya kina kifupi. Maji yakitoka, ufuko wa matope unaonekana mbali sana, na mikoko imesimama pande zote. Katika barabara ya zamani zimo nyumba za maduka za Wahindi, nyingine na milango ya kuchongwa, nyingine zimebaki kuta. Mbele ya bahari ndipo lilipo jengo la boma la Wadachi, la ghorofa, lenye kuta nene za mawe na chokaa. Tulilikuta limechakaa, miti imeota katika kuta. Vijana wetu walishangaa, maana walidhani watakuta ngome kubwa ya kutisha. Mama mmoja wa msafara wetu aliwaambia, "Msitazame ukubwa wake, tazameni mahali lilipo." Alisema kweli. Boma linatazama pale pale majahazi yalipokuwa yakipakia, na hakuna mtu aliyeweza kuingia wala kutoka Kivinje pasipo kuonekana kutoka madirisha yale.

Nyuma yake kidogo uko mnara wa mawe uliojengwa kuwakumbuka watumishi wawili wa Kampuni ya Kijerumani waliouawa hapo Septemba 1888. Mwezi wa Agosti mwaka ule Kampuni ilikuwa imechukua utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani, ikapandisha bendera yake na kudai ushuru. Pwani yote iliinuka, kuanzia Pangani hadi Mikindani. Mwezi Mei 1890 Hermann Wissmann alifika Kilwa na manowari na askari wake, akautwaa mji kwa mizinga. Kisha Lindi, kisha Mikindani. Tangu siku ile Kivinje kikawa mji wa Wadachi: makao ya wilaya, penye ofisi ya forodha, mahakama, gereza na makaburi ya wageni.

MWEMBE KINYONGA

Mahali pengine wenyeji walipotupeleka panaitwa Mwembe Kinyonga. Jina linajieleza. Hata hospitali ya Kivinje imechukua jina la Kinyonga, na wagonjwa wanalitaja kila siku pasipo kufikiri asili yake. Pale, mwezi Novemba 1895, alinyongwa Hassan bin Omari Makunganya pamoja na wenzake. Makunganya alikuwa mkuu wa Kiyao katika nchi ya nyuma ya Kilwa. Mwaka 1894 watu wake walishambulia boma la Kilwa. Mwaka uliofuata Wissmann, wakati huo akiwa gavana, alimpelekea askari, wakamkamata na kumleta mjini.

Katika vitabu vya shule Makunganya ni shujaa aliyepinga utawala wa kigeni, na kweli alipinga. Lakini alikuwa pia bwana wa misafara, na misafara yake ilibeba pembe na watu. Tuliposimama pale, nilijua kwamba katika msafara wetu walikuwamo watu ambao bibi zao waliuzwa katika njia zile zile zilizomtajirisha mtu yule. Tena nilijua kwamba serikali iliyomnyonga ndiyo iliyowatoa baadhi ya wazee wetu katika majahazi, ikawakabidhi kwa wamisionari.

Mtu afanye nini mahali kama pale? Amlilie aliyenyongwa? Amshukuru aliyenyonga? Mmoja wa vijana wetu wa Kipaimara aliuliza hivyo kwa sauti, na hakuna mzee aliyemjibu haraka. Mchungaji wetu alisema tunyamaze kwanza. Tukanyamaza. Baadaye aliomba sala fupi kwa ajili ya wote waliokufa katika mji ule, waliouza na waliouzwa, walionyonga na walionyongwa, akasema hukumu yao iko mikononi mwa Mungu aliye mwenye haki kuliko sisi.

Mambo hayakuishia 1895. Mwaka 1898 kodi ya nyumba ilianza kutozwa, rupia 3 kwa mwaka. Kuanzia 1902 watu wa wilaya za pwani walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, katika vilima vya nyuma ya Kilwa, waling'oa pamba ile, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Siku kumi baadaye Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa njiani kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Vita vilipokwisha, wakubwa wa serikali wenyewe walikadiria Waafrika 75,000 wamekufa. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria 250,000 hadi 300,000, walio wengi kwa njaa iliyotokana na kuchomwa kwa mashamba na maghala.

KANISA NA BOMA

Hapa naomba mnivumilie, maana nitasema neno ambalo katika sikukuu si rahisi kulisema.

Tumezoea kueleza historia yetu kana kwamba wamisionari walifika peke yao, wameshika Biblia, na serikali ilifika peke yake kwa mlango mwingine. Haikuwa hivyo. Chama cha misioni kilichotuletea Injili kiliundwa Berlin mwaka 1886, na walioshiriki kukiunda walikuwa pamoja na watu wa karibu wa Carl Peters, yule aliyezunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwaka 1884 akikusanya alama za wakuu katika mikataba wasiyoweza kuisoma. Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887. Kituo cha Kisarawe kilianzishwa 1892, cha Maneromango 1895. Na mwaka 1903 kazi yote ya Uzaramo ikakabidhiwa kwa Misioni ya Berlin.

Kisarawe kilipokea watu waliokombolewa. Huko Usambara, Lutindi ilianzishwa mwaka 1896 kwa kazi hiyo hiyo ya kuwalea watoto waliotolewa utumwani, kabla haijawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kazi ile ilikuwa njema. Mtoto aliyekuwa bidhaa alipewa kitanda, chakula na jina, akafundishwa kusoma, akaambiwa kwamba Mungu alimfahamu tangu tumboni mwa mama yake. Sisi tuliomo humu ndani ni matunda ya kazi ile, na anayeidharau anawadharau wazazi wake.

Lakini tuandike na upande wa pili. Vita dhidi ya biashara ya watumwa vilikuwa pia kisingizio cha kuitwaa nchi. Serikali ile iliyopiga marufuku kuuza watu haikuufuta utumwa wenyewe. Kwa amri ya mwaka 1904 ilitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa kuanzia 1906 watakuwa huru. Waliokuwa watumwa wakabaki hivyo, isipokuwa waliopata hati ya uhuru kwa kujinunua au kwa njia nyingine. Utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Maana yake ni kwamba katika mji wa Kivinje, kwa miaka yote Wadachi walipokaa ndani ya boma lile, nje ya boma walikuwapo watumwa halali.

Nayasema haya mbele ya wageni wetu kwa heshima. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Bwana Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea watu wa Maji Maji. Lilikuwa neno zito, na wengi waliopokea waliguswa. Hata hivyo nilipolisikia nilijiuliza: nani atasimama Kivinje kuomba msamaha kwa wale 97,203? Wadachi wana rais na wana balozi. Aliyewauza bibi zetu hana balozi. Wengine walikuwa Waarabu, wengine Waswahili, wengine Wayao, na wengine, tukiri bila kuumauma maneno, walikuwa wajomba wa watoto wale wale, waliowatoa kwa deni au kwa njaa.

MAZUNGUMZO NA WENYEJI

Tulikuwa tumewaandikia viongozi wa mtaa mapema, na walitupokea kwa ukarimu ambao sitausahau. Tulikaribishwa katika baraza ya nyumba ya mzee mmoja wa makamo ya miaka themanini. Tulimwamkia, "Shikamoo babu," akaitika, "Marahaba wajukuu zangu, karibuni kwenu." Tulidhani ni adabu tu ya mji.

Mkuu wa msafara wetu alieleza kwa uangalifu kwamba sisi ni Wakristo, hatukuja kuhubiri wala kudai mali, bali kutafuta habari za wazee wetu waliopita hapa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika kama nilivyoyasikia: "Nyinyi mnafikiri waliouzwa wote waliondoka. Jahazi lina nafasi yake. Wengine walibaki hapa wakalima mashamba ya watu, wakaingia dini, wakaoa, wakazaa. Mkiwatafuta ndugu zenu msitazame baharini. Tazameni humu barazani."

Akaeleza kwamba katika mji wao mtu haulizwi kabila la bibi yake. Kumwita mtu mzalia au kumtajia ujakazi wa nyanya yake ni kumvua nguo mbele za watu. Kwa hiyo watu hunyamaza. Aliyekuwa bwana hunyamaza kwa sababu yake, na aliyekuwa mtumwa hunyamaza kwa yake, na wajukuu wao wameoana, hata leo ukitaka kuwatenga hutaweza.

Niliposikia hayo niliona kwamba mzee yule Mwislamu wa Kivinje na sisi Walutheri tumelelewa na ukimya ule ule. Sisi tuliufunika kwa kanzu ya ubatizo, wao kwa kilemba. Tumekaa zaidi ya miaka mia tukidhani tu mataifa mawili.

Jioni tulikwenda ufukweni maji yakiwa yanajaa. Tulikuwa na orodha ya majina yaliyopatikana katika kumbukumbu za jamaa zetu. Machache tu yalikuwa na jina la asili. Mengine yalikuwa jina la ubatizo peke yake, na kando yake neno moja, "Mnyasa" au "Myao". Tuliyasoma yote kwa sauti. Vijana wa Kivinje waliokuwa wakivuta nyavu waliacha kazi wakasimama nasi, na mmoja akatuuliza kama angeweza kutaja jina la bibi yake naye. Alilitaja.

LINDI, NA MIFUPA ILIYOVUKA BAHARI

Kutoka Kivinje tuliendelea hadi Lindi. Sitakaa sana huko, ila nataja jambo moja linalotusaidia kufikiri. Katika nchi ya nyuma ya Lindi kuna kilima cha Tendaguru. Kuanzia 1909 hadi 1913 wataalamu kutoka Berlin walichimba hapo mifupa ya mijusi mikubwa ya kale. Mamia ya watu wa huko walifanya kazi ile, wakiongozwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa katika mizigo, ikabebwa vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Leo mnyama mmoja kati ya hao amesimamishwa katika Makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya meta 13, na watu hutoka nchi nyingi kwenda kumtazama.

Kila mfupa ulipewa namba, na ikaandikwa umetoka shimo gani. Ndiyo maana hata leo wataalamu wanaweza kusema mguu huu ulichimbwa mahali fulani. Ndugu zangu, pwani hii hii, katika kizazi kimoja, imetoa mifupa iliyoandikwa kwa uangalifu na watoto wa watu walioandikwa "Mnyasa" basi. Sisemi hayo kwa uchungu juu ya wataalamu. Walifanya kazi yao. Nasema ili tuone kwamba kuandika kunawezekana. Kinachokosekana ni mtu kuona kwamba jambo linastahili kuandikwa.

MAWAIDHA NA MAPENDEKEZO

Tuliporudi, kamati iliitisha mkutano wa jamaa zote zinazohusika, na hapo ndipo palipokuwa na shida ya kweli. Mama mmoja mzee, nguzo ya Umoja wa Wanawake, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, ukiyaandika hayo kitabuni, mjukuu wangu ataposwa na nani?" Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nazijua posa zilizovunjika kwa neno dogo kuliko hilo.

Mwingine, mzee wa kiume, alisema kinyume. Alisema baba yake alikufa akiwa na jambo moja tu aliloogopa, nalo si kifo bali ni kuulizwa kwao ni wapi. Na kwamba yeye hataki kuwarithisha wanawe hofu hiyo. Mkutano ulikwenda hadi usiku. Sitasema kwamba tulikubaliana katika yote.

Nawaomba tuyapime mambo haya kwa Maandiko. Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu katika sura ya kwanza, angeweza kuruka majina yenye kuleta minong'ono. Hakuruka. Aliweka Rahabu, aliweka Ruthu mgeni wa Moabu, akaweka na mke wa Uria. Kitabu cha Yoshua, sura ya nne, kinaeleza mawe kumi na mawili yaliyotolewa katika Yordani ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kuwaambia. Na katika Agano Jipya tunayo barua nzima iliyoandikwa kwa ajili ya mtumwa mmoja, Onesimo. Jina lake halikufichwa. Paulo alimrudisha kwa Filemoni kama ndugu, na Kanisa limeisoma barua ile kwa karibu miaka elfu mbili pasipo kumwonea haya Onesimo. Kama kuna aibu katika barua ile, si yake aliyekuwa mtumwa.

Aibu ya utumwa ni ya aliyeuza na aliyenunua. Tumeibeba sisi tuliouzwa, kizazi baada ya kizazi, kama mtu anayebeba mzigo wa mwizi wake. Wakati umefika wa kuutua.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu mapendekezo haya, ambayo Baraza la Wazee limeyapokea:

Kwanza, majina ya waliokombolewa yaandikwe katika kitabu cha jubilei kama yalivyopatikana, pamoja na jina la asili pale linapojulikana. Jamaa ambayo haijawa tayari isilazimishwe. Jina liandikwe bila kutaja nyumba, na nafasi iachwe. Mama yule niliyemtaja amekubali kwa njia hii. Jina la bibi yake limo, naye ndiye anayejua ni lipi.

Pili, tuwaombe ndugu zetu wa sharika rafiki za Ujerumani watusaidie kupata nakala za barua, taarifa na orodha za ubatizo za vituo vya Uzaramo, maana nyaraka za Misioni ya Berlin zimehifadhiwa mjini Berlin. Hatuziombi kama fadhila. Ndani yake wamo wazazi wetu.

Tatu, historia ya kuja kwa Injili iandikwe pamoja na historia ya boma, bila kuficha moja kwa ajili ya nyingine. Iandikwe pia kazi ya walimu Waafrika walioushika uongozi wa Kanisa wamisionari walipoondolewa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kama Mwalimu Martin Ganisya wa Dar es Salaam.

Nne, kila mwaka darasa moja la Kipaimara lipelekwe Kivinje. Wasiende kama watalii. Waende wakawaamkie wazee, wasome majina ufukweni, wale chakula pamoja na vijana wa mji. Wanaokwenda waelezwe mapema kwamba wanakwenda kwa ndugu, na kwamba ndugu hawaulizwi dini yao kwanza.

HITIMISHO

Baba Askofu, ndugu wapendwa, watu husema kwamba wanakwenda kutafuta mizizi. Nimekwisha kuwaeleza kwamba mizizi yetu haiko Kivinje. Iko mbali zaidi, kando ya Ziwa Nyasa, katika bonde la Ruvuma, katika nchi ya Wamakua na Wamwera, mahali ambapo pengine hatutapafahamu kamwe. Kivinje ni mahali ilipokatwa. Lakini mkulima yeyote anajua kwamba muhogo hupandwa kwa kipande cha mti kilichokatwa. Hakina mzizi hata mmoja kinapoingia ardhini, nacho kinaota.

Wazee wetu walikuwa kipande kile. Walipandwa Kisarawe katika udongo wasioujua, wakaota. Na miaka mia moja ya usharika huu ni mavuno yao. Tunapoimba kesho katika ibada ya shukrani, majina yao yatasomwa kabla ya sadaka. Nawaomba kila jamaa, itakaposikia jina lake, isimame.

Mungu aubariki usharika huu, awabariki watu wa Kivinje waliotupokea, na awape raha ya milele wale wote ambao majina yao yeye peke yake anayajua.